Masomo Matatu ya Wifi Yangu Jael

Mwanzoni mwa mwaka 1966, wifi yangu Jael alirudi nyumbani Shinyalu na habari ambayo ingefurahisha ukoo wowote wenye akili timamu. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma sayansi chuo kikuu, Nairobi. Upande wetu hakuna msichana aliyekuwa amefika huko. Wavulana walikuwa wawili, na mmoja wao alirudi kabla hajamaliza. Ungetarajia watu wampongeze, wamtafutie sanduku zuri, wamwache aende. Badala yake kila mwenye mdomo akaanza kumpangia masomo, na mimi nikikumbuka hayo damu inanichemka mpaka leo.

Jina langu ni Namalwa, mke wa kaka yake. Niliolewa hapo nikitoka kwetu Bungoma, na Jael alikuwa mtu wa kwanza katika boma lile kuniita kwa jina langu. Kwa hiyo alipokuwa na jambo, alikuja jikoni kwangu.

Siku hiyo tulikuwa tunachambua maharagwe. Akatenga mafungu matatu pembeni mwa ungo, mekundu, meusi na yale yenye madoadoa, akaniambia hayo ndiyo masomo yake ya mwaka wa kwanza. Mekundu yalikuwa botania, elimu ya mimea. Meusi yalikuwa zuolojia, elimu ya wanyama. Yenye madoa yalikuwa kemia.

"Mwaka wa pili naacha hii," akasema, akirudisha yenye madoa kwenye ungo. "Lakini lazima nipitie kwanza, la sivyo sitajua jani linapumua namna gani. Nabaki na mimea na wanyama mpaka mwisho. Haya mawili hayaachani, Namalwa. Nani anachavusha maua? Nani anakula mbegu na kuzipeleka mbali?"

Nikamwuliza kwa nini asichukue moja tu akapumzika. Akacheka, akaniuliza kama naweza kusoma mti nikasahau mdudu aliye ndani yake. Alikulia karibu na msitu wa Kakamega, na toka utotoni alikuwa akirudi na mfuko wa gauni umejaa vitu vinavyotembea. Alitaka kuusoma msitu ule mzima, kisha arudi ausome tena akiwa na jina la kila kitu. Hakuna kingine alichotaka. Mimi nilielewa, na mimi niliishia darasa la sita.

Wengine hawakuelewa, au hawakutaka. Baba mkwe wangu, Mzee Shivachi, alitaka awe daktari wa watu. Jael akamweleza kwamba huwezi kusomea udaktari bila fizikia, na shule yao ya wasichana haikuwa na mwalimu wa fizikia. Saa ambayo wavulana kwingine walifundishwa fizikia, wao walifundishwa kushona. Mzee akasema, "Basi waambie huko Nairobi wakufundishe hiyo fizikia jioni." Baba mdogo wa Jael alitaka kilimo, kwa sababu watu wetu walikuwa wamepata mashamba ya wazungu kule Lugari na mahindi yao yanaliwa na wadudu. Mchungaji alitaka ualimu. Na kila mmoja alianza kwa maneno yale yale: sasa tumepata uhuru, nchi inahitaji hiki. Nchi ilihitaji kila kitu isipokuwa kile alichotaka Jael.

Yote hayo yangekuwa kelele tu kama si kamati. Tulikuwa na kamati ya elimu ya lokesheni, yaani kata yetu, na ndiyo iliyokuwa ikiwasomesha vijana wa kwetu. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Phineas Mukhwana, mwenye duka la vitambaa Lurambi, mtu wa koti hata jua likiwaka. Bila kamati Jael haendi popote. Mzee Phineas akatuma neno kwamba atakuja nyumbani na wazee wawili kusikia msichana anataka kusoma nini, kisha yeye mwenyewe atapeleka jibu chuoni.

Kwetu mgeni wa namna hiyo hachinjiwi kingine ila kuku, ingokho, na kuku huyo ana sehemu moja ambayo ndiyo heshima yenyewe. Ni firigisi, imondo kama tunavyoiita. Inapasuliwa, inasafishwa, inapikwa nzima, na mgeni mkubwa anaikuta juu ya bakuli lake. Kuku bila imondo si chakula, ni tusi. Mama mkwe wangu hakuwahi kuonja kuku maishani mwake, maana wanawake wa zamani hawakula, lakini imondo angeipika akiwa amefumba macho.

Mimi nilipewa obusuma, yaani sima. Jael alipewa kuku. Nilikuwa nimempa mgongo nikisonga sima, na hilo linaniuma, kwa sababu ningemwona ningemshika mkono. Wiki ile mtu mmoja alikuwa amemletea kanga kutoka msituni, naye Jael alikuwa ameitoa firigisi ya huyo kanga akaiweka kwenye chupa ya spiriti aliyoomba zahanati. Alitaka kulinganisha ya ndege wa porini na ya ndege wa nyumbani. Sasa akawa na kuku mkononi na kisu kikali. Akili yake ilikuwa imeshafika Nairobi kabla ya miguu. Akaisafisha ile imondo vizuri sana, akaitumbukiza kwenye chupa pamoja na mwenzake.

Chakula kikaingia kwa wageni. Mimi sikuingia, kwa sababu mke wa mtoto haketi nyumba moja na baba mkwe wake. Nilisimama nje karibu na dirisha. Nikasikia kijiko kikizunguka kwenye bakuli, kikizunguka tena. Halafu kikawekwa chini. Mazungumzo ya masomo yangeanza baada ya kula, ndivyo inavyokuwanga kwetu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amesema neno lolote la maana.

Mzee Shivachi akaita, "Jael. Imondo iko wapi?"

Na yule mtoto, kwa uaminifu wake wote, akaingia na chupa.

"Iko hapa, baba. Naisoma."

Nilitamani ardhi inimeze mimi kwa niaba yake. Kupitia dirishani niliiona ile chupa mezani, firigisi mbili zikielea ndani, na Mzee Phineas akizitazama. Hakupaza sauti. Akaomba maji ya kunawa. "Mama, chakula chako ni kizuri," akamwambia mama mkwe wangu. "Mimi nimeshiba." Hakuwa amemega hata tonge. Wale wazee wawili wakasimama pia, na mmoja aliiangalia ile sima mpaka mlangoni.

Nilimkasirikia Jael siku hiyo, sitaficha. Desturi aliijua. Lakini hasira hiyo ilikwisha kabla vyombo havijakauka, kwa sababu nilimkuta nyuma ya nyumba akilia bila sauti, akisema hawakumuuliza. Alikuwa ametayarisha maneno yote, mwaka kwa mwaka, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, na hakuna aliyemuuliza kitu isipokuwa firigisi.

Kosa la namna ile linatengenezwa kwa njia moja. Jumapili iliyofuata Mzee Shivachi alibeba jogoo mkubwa akaenda Lurambi kwa mguu. Jael akamwomba mlangoni, "Baba, ukifika mwambie mimea na wanyama pamoja. Kemia mwaka mmoja tu." Mzee akasema amesikia.

Alirudi jioni akiwa ametulia, akatuita wote. Mimi nikasimama mahali pangu pa nje.

"Mambo yamekwisha," akasema. "Jogoo amechinjwa, na Phineas kwa mkono wake amenipa imondo. Kamati itamsomesha Jael. Mimea, sawa. Kemia, sawa. Wanyama, hapana. Phineas anasema msichana wa kupasua ndege na kuwaweka kwenye chupa hatapata mume, na hatatufaa. Mahali pa wanyama atachukua jiografia, na hiyo hataiacha mpaka amalize, aje afundishe."

Jael akauliza taratibu, "Na wewe ulikubali?"

"Nilikula," akasema Mzee.

Kwa mtu wa mbali hilo si jibu. Kwetu lilikuwa jibu kamili. Mtu akikupa imondo ya upatanisho kwa mkono wake nawe ukaila, umefunga maneno yake yote uliyoyasikia kabla ya kula. Kuyafungua tena ni kumtukana mara mbili.

"Baba, bila wanyama hiyo si bayolojia. Wananipa nusu."

"Jiografia ni mbaya?"

"Si mbaya. Si yangu."

"Nimekuokolea nafasi yako," Mzee akasema, na sauti yake ilianza kukwaruza. "Nimetembea na jogoo mkononi kama kijana anayetafuta mke. Ulitaka nirudi bila kitu?"

Nilimwonea huruma pia, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwamba hata mtu wa kumchukia vizuri sikuwa naye. Mimi ningeweza kuyaeleza yale mafungu ya maharagwe mpaka jiwe likaelewa, lakini kwa baba mkwe sikuwa na mdomo. Nikamtuma mume wangu. Akaenda akasema, "Namalwa anasema masomo ya Jael yanaenda mawili mawili." Mzee akamjibu, "Namalwa apike." Mume wangu akarudi na jibu hilo kana kwamba ni habari mpya. Sikuzungumza naye mpaka nilipotaka maji yachotwe.

Jael akaenda Nairobi mwezi wa saba na masomo aliyochaguliwa na kuku.

Alipokuja likizo alinisimulia. Maabara ya mimea ilitazamana na ya wanyama, mlango kwa mlango. Wenzake walitoka huku wakaingia kule, na yeye alichukua mabuku yake akatoka nje kwenda kusoma mito ya Ulaya. Mwalimu mmoja wa mimea alimuuliza mbona hachukui zuolojia na ana macho mazuri hivyo. Ungemwelezaje mtu wa Uingereza? Mwaka wa pili ulipofika akaacha kemia, akabaki na mimea na jiografia, na kila mtihani wa mimea aliongoza. Hilo halikumpa raha. Lilimwonyesha tu alichonyimwa.

Alimaliza mwaka 1969. Kamati ikamfanyia karamu, Mzee Phineas akahutubia kwa dakika nyingi kuhusu binti yetu. Akapewa kazi ya kufundisha jiografia katika shule ya wasichana karibu na mji. Hapo napo mwalimu wa bayolojia, mgeni, alipoondoka kurudi kwao, mwalimu mkuu akamwambia Jael ashike darasa hilo. Nusu ya maua aliifundisha kama anaimba. Alipofika kwa chura ilibidi ajifunze ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi wake, mtu mwenye digrii, na alirudi nyumbani akiwa na hasira asizojua azimwage wapi. Wakati mwingine alizimwaga kwangu, nami nikazipokea, maana zilikuwa halali.

Halafu, Jumapili moja ya mwaka 1971, Mzee Phineas akaja Shinyalu. Mzee Shivachi alikuwa amekwenda Lugari kwa ndugu yake, kwa hiyo mimi nilikuwa na uhuru wa kukaa sebuleni. Jael alikuwa nami. Mgeni akakaa, akavua kofia, akakataa chakula kwa upole akasema amekuja kwa haraka.

"Mwalimu," akamwambia Jael, "nina binti, Jescah. Amemaliza kidato cha sita, amepata chuo kikuu. Bayolojia. Wanamtaka achague masomo matatu, na mimi hayo mambo siyajui. Nikasema niende kwa mwenye kujua."

Nilimtazama wifi yangu. Uso wake haukubadilika. Akavuta kiti.

Akamweleza yote. Mimea, wanyama, kemia mwaka wa kwanza. Kemia iachwe mwaka wa pili, mawili yaende pamoja mpaka mwisho. Kwamba Jescah asiogope kupasua, na akisikia harufu ya dawa za maabara kichwa kikamuuma, atazoea. Kwamba mwaka wa tatu achague eneo lake mwenyewe, wadudu au samaki au chochote, asichaguliwe. Aliyasema kwa mpangilio, bila kusita, na nikatambua kwamba ni maneno yale yale aliyokuwa ameyatayarisha kwa ajili ya mtu huyu huyu miaka mitano nyuma.

Mzee Phineas alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Wanyama nao ni lazima?"

"Ni lazima, mzee."

"Vizuri. Siku hizi wasichana wanawezanga." Akawaza kidogo, kisha akauliza kwa upole kabisa, bila ubaya wowote moyoni, "Na wewe mwalimu, mbona hukusoma wanyama?"

Nilikuwa na birika la chai mkononi, nikaliweka chini kabla sijalifanyia jambo la aibu.

"Nilikatazwa," Jael akasema.

"Aa. Pole sana. Nani alikukataza?"

Alikuwa amesahau. Si kwamba alijifanya, nilimchunguza uso wake wote. Jambo lililokata maisha ya mwenzake katikati lilikuwa limempita kama mlo wa mchana. Nikafungua mdomo, na Jael akanigusa mkono nikanyamaza.

"Mwambie Jescah," akasema, "mtu yeyote asimwondolee zuolojia. Hata kama mtu huyo ni baba yake."

Mzee Phineas akacheka, akasema baba yake hawezi kufanya hivyo. Kisha akaomba Jael ayataje yale masomo tena polepole, mwaka kwa mwaka, ili asije akasahau njiani. Jael akaanza upya.