Donge Moja la Miaka Kumi na Mitatu

"Kaziuza, mwenzangu," fundi cherehani alisema, pini kazibana midomoni. "Kumbukumbu za vizazi vya miaka kumi na mitatu hazipotei kama sindano. Karani wa kliniki kaziuza."

"Majina ya watoto wetu nani anunue?" mama kijana aliuliza, akimbembeleza mwanawe mgongoni.

"Dunia ina mengi. Wewe nyonyesha tu."

Mama kijana alipotoka hapo akapiga hodi kwa karani, jirani yake ukuta kwa ukuta. Alimkuta na fulana mbele ya kompyuta, chai imepoa hadi imefanya utando.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nawe umekuja kunizomea?"

"Nimekuja kukuona. Wiki nzima sijakusikia ukikohoa."

Karani nusura acheke. Kisha akamweleza. Kliniki ilipohamishwa, mkuu alimpa diski moja ndogo ya kubebea kila kitu, kompyuta kuukuu zifutwe. Akaandika amri ya kubana mafaili yapungue ukubwa. Kiwango cha kwanza cha kubana, kile cha haraka, hakikutosha. Akapanda hadi cha tisa, mashine ikahema kutwa. Bado mwaka mmoja ulibaki nje.

"Mkuu akasema, toa watoto waliokufa, nafasi itapatikana. Mkono ukaniwia mzito. Nikaamuru miaka yote ishikane donge moja, yanayojirudia yaandikwe mara moja tu. Ikaingia yote, mwanangu! Nikacheza peke yangu kama mwehu."

Kompyuta zilikuwa zimeshafutwa ilipogundulika kwamba diski ina doa, mahali pasiposomeka, tena pale mwanzo. Kila mwaka ungebanwa peke yake, doa lingekula mmoja tu. Kwenye donge, mwanzo ukiharibika, kinachofuata hakifunguki.

Karani akaandika tena amri ya kufungua, mbele ya macho ya mgeni wake. Skrini ikajibu vilevile: imeshindikana.

"Kazi wameniachisha, hilo si neno," alisema. "Walio hai wana kadi zao nyumbani, wataandikwa upya. Wale wengine walikuwa humu tu."

Mama kijana akashika ukingo wa meza. Mwanawe wa kwanza aliishi siku tisa. Kadi yake mama mkwe aliichoma, ili asiwe anaitazama na kulia.

Karani akavuta daftari la shule, akafungua ukurasa mtupu. Akatafuta kalamu kila mahali. Ilikuwa sikioni mwake.

"Nisaidie, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Yule wako wa kwanza. Alizaliwa na kilo ngapi?"