Mafungu Mawili ya Kosgei

Mwaka wa hamsini na saba, Kosgei, karani na mkalimani katika afisi moja ya habari mjini Nakuru, aliamriwa kuipa mitambo ya sauti majina ya Kiswahili. Kazi hiyo ikampanda kichwani. Aligawa mitambo yote katika mafungu mawili: inayosikia na inayosema. Redio inasema, hilo halikuwa na ubishi. Simu ilimhangaisha mpaka akaikata vipande, sikio huku, mdomo kule. Nyumbani, katika mtaa wa Bondeni, alimwambia mkewe, Jelagat, kwamba yeye ni wa fungu la kusema. Jelagat akamjibu kuwa ugali nao una mafungu mawili, uliopikwa na usiopikwa, na leo achague mwenyewe.

Ukaja mkutano wa chifu. Gari la afisi liliegeshwa uwanjani, honi zake za kupazia sauti zimefungwa juu ya paa. Wakingoja watu wajae, Naftaly, dereva, alimwekea Kosgei maikrofoni mezani, akamwonya kuwa imeshawashwa, achunge mdomo.

"Hii ni ya fungu la kusikia," Kosgei akamweleza kwa upole wa mwalimu. "Inasikia tu. Zinazosema ni zile honi."

Basi akaketi mbele ya mtambo wa kusikia, akamsimulia Naftaly jinsi chifu anavyosinzia barazani, na jinsi Bwana afisa, mkuu wao Mzungu, anavyoitikia "ndiyo, ndiyo" kwa Kiswahili asichokielewa. Honi zikayamwaga yote uwanjani. Akina mama walicheka hadi wakashika mbavu. Chifu, aliyekuwa kweli amesinzia, akazinduka na kupiga makofi, akidhani hotuba imekwisha.

Kosgei alitamani ardhi ipasuke. Afisa akamsogelea akitabasamu, akauliza watu wamefurahia nini. Kosgei akaipa maikrofoni kisogo, akanong'ona, "Wanausifu mtambo, Bwana."

"Ndiyo, ndiyo," akasema afisa.

Haukupita muda Kosgei akapandishwa cheo, maana hakuna baraza lililowahi kuwachangamsha wananchi kama lile. Akaunda fungu la tatu, la mitambo isiyoaminika, akalipigisha chapa na kulisambaza mpaka Mai Mahiu. Bondeni hawakuzingoja karatasi zake. Maikrofoni walikwisha kuiita mdaku, na aliyelitia jina hilo sokoni alikuwa Jelagat.