Mausi ya Tatu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, Same mjini, na sikuwa nimekunywa kitu.

Mimi hucheza gemu za kulenga shabaha kwenye kompyuta. Wiki ile nilikuwa na mashindano Moshi, na mausi yangu ilikuwa imeanza kubofya mara mbili kila nikibofya mara moja. Kwa mchezaji, huo ni msiba. Nikateremka kutoka kwetu Chome, kule milimani, asubuhi, nikazunguka maduka yote ya kompyuta, nikakuta mausi za ofisini tu, nyepesi kama maganda ya mayai.

Nyuma ya soko, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, nikamwona mzee na meza. Mezani palikuwa na mausi tatu, basi.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. "Leta mkono," akasema.

Nilidhani anapima saizi, maana mausi nzuri lazima ijae kiganjani. Nikashika ya kwanza, ikanikaa vizuri. Akaninyang'anya. "Si yako." Ya pili ilikuwa na vitufe ubavuni, na ndiyo niliyoitaka. Akanichapa nayo vidoleni. "Una pupa. Shika hii."

Ya tatu ilikuwa na joto. Si joto la jua, niamini. Lilikuwa joto la kuku aliye hai, na chini ya kiganja changu kitu kikawa kinadunda. Nikataka kuiachia, vidole vikagoma. Mzee akaniinamia hadi uso wake ukakaribia wangu, na sikuhisi pumzi yoyote ikitoka kwake.

"Umeua wangapi humo?" akauliza.

"Ni gemu tu, mzee."

"Kwako."

Akaweka mkono wake juu ya wangu, akausugua kama mtu anayefuta ubao. Maumivu yale siwezi kuyaeleza. Nilipiga yowe, ndipo vidole vikaachia, nikaanguka chini.

Mama Nakiete, anayeuza ndoo jirani na pale, akaja kuniinua. "Mwanangu, mbona unagombana na ukuta?"

Nikageuka. Hapakuwa na meza wala mzee.

Moshi sikwenda. Baadaye nilipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilikataa alama za vidole vyangu mara nne. Dada wa usajili akakigeuza kiganja changu cha kulia, akakitazama, kisha akasogeza kiti chake nyuma. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Kilikuwa nyororo kama kioo, na mpaka leo kiko hivyo. Mama yangu hataki kiguse unga wake.

Gemu sijacheza tena. Wewe cheza, sikukatazi. Lakini mausi kaijaribu mwenyewe, kwenye duka lenye watu, na mtu akikuambia umpe mkono akuchagulie, ondoka hapo hata kama hujapata ulichofuata.