Tuta la Udongo wa Kichuguu

Mwaka 1963, Syahuka alipojenga tuta la bwawa la Katembo kule Munkunyu, alichagua udongo wa kichuguu. Sakafu za nyumba zote pale zilikuwa za udongo huo. Ukishindiliwa vizuri haupitishi hata tone. Akaubeba kwa vikapu, akaukanyaga mpaka magoti yakakataa. Nani angemlaumu?

Katembo, mfanyabiashara kutoka Butembo, alikuwa na ng'ombe arobaini na maneno matamu. Akamwachia Syahuka tuta alitunze: ang'oe miche ya miti, afukuze mbuzi, azibue mfereji wa kando wa kutolea maji yanapozidi. Miaka kumi na mmoja, jamani! Mgongo ulikwisha kabisa. Binti yake Kaswera alipoolewa akajenga chini ya tuta, maji yawe karibu, na baba mtu akafurahi.

Kila msimu wa mvua kumbikumbi walitoka tutani kwa wingi. Watu wakaja na vikapu, wakakaanga, wakashiba. Syahuka naye alikula. Hakuna aliyejiuliza wadudu wale walikuwa wanaishi wapi.

Mvua za 1974 zilipokwisha, bwawa likiwa limejaa, aliona maji yakichuruzika chini ya tuta. Maji safi asingeyajali. Haya yalikuwa na tope, maana yake tuta lilikuwa likiliwa kwa ndani. Akachomeka mpini wa jembe ubavuni, ukazama wote. Mchwa! Aliwaleta yeye mwenyewe, kikapu kwa kikapu. Akatazama chini, akawaona watoto watatu wa Kaswera wakicheza uani, akaingiwa na hofu.

Alipomwomba maji yatolewe, Katembo alimsikiliza huku akitazama ng'ombe zake.

"Ngoya maji ipunguke yenyewe, muzee. Ngombe yangu itakunywa wapi?"

Syahuka hakubishana, nguvu za kubishana alikuwa hana tena. Alichukua jembe, akauchimba mfereji wa kando uende chini kidogo kidogo, maji yatoke polepole yapite mbali na nyumba. Siku tatu alichimba. Bwawa likabaki tope.

Katembo alimfukuza kazi mbele ya watu. Hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma ni Kaswera, aliyekuja na debe kichwani, akasimama ukingoni.

"Baba, mto uko mbali. Umetufanyia nini?"

Syahuka alitaka kumweleza habari za mchwa, na nani aliwaleta. Alikuwa amechoka mno. Akalipokea lile debe, akashika njia ya mtoni.