Masikio ya Fundi Fidla

Baba yangu alitoka Goa akiwa kijana, na ufundi wake ulikuwa kutengeneza fidla. Alifika Msambweni, akamwoa mama yangu, Mdigo wa Mkongani, na kwao hakurudi tena. Uhuru ulipopatikana, ndugu zake waliokuwa Mombasa walifunga mizigo wakaondoka. Walipomwandikia awafuate, aliniambia, "Nitaendaje? Mbao zangu ndiyo kwanza zinakauka." Zilikuwa mbao za msonobari alizoziagiza kwa meli, akazilaza uchagani miaka sita.

Mama alikuwa amekwisha kufariki. Mimi nilikuwa nikisomesha shule ya msingi na kuishi naye. Siku moja mwadhini alikuwa akiadhini, naye Baba akaniuliza mbona leo adhuhuri imechelewa. Hapo nikajua masikio yake yanakwenda.

Hakulalamika. Aliuchukua ubao aliokuwa akiuchonga uwe uso wa fidla, akauning'iniza kwa vidole viwili karibu na sikio langu, akaugonga.

"Unasikia nini?"

"Kama mtu anabisha mlango."

"Basi bado ni mnene." Akaurudia kwa randa.

Tukaendelea hivyo majuma mengi, kila nitokapo shule. Fidla ilikuwa imeagizwa na mpigaji wa taarabu kutoka Shimoni. Ilipotiwa nyuzi, nikapitisha upinde. Sauti ilikuwa imeziba, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Baba alinitazama, mikono imempasuka, macho mekundu kwa uchovu.

"Nzuri, Baba," nikasema.

Mpigaji alikuja Ijumaa baada ya swala. "Shikamoo, fundi." Akakaza nyuzi, akapiga kidogo, akaacha. Adabu ilimzuia kusema. Lakini Baba hakuwa akiitazama fidla. Alikuwa akimtazama yeye usoni. Akaichukua mikononi mwake, kisha akanigeukia.

"Ulisikia hivi tangu mwanzo?"

"Ndiyo, Baba."

"Ukinidanganya wewe, mwanangu, mimi nimebaki na nini?"

Nilikosa pa kuficha uso. Mpigaji akasema taratibu, "Fundi, mimi sina haraka. Inshallah nitarudi."

Kesho yake Baba alipasha moto kisu chembamba, akakipitisha kwenye gundi, akaubandua ule uso alioufanyia kazi miezi mitatu. Siku mbili aliranda ubao mwingine peke yake. Ya tatu akaniletea ubao mpya sikioni, akaugonga, akangoja. Nilimwambia kila nilichosikia, hata pale nilipoona mabega yake yakishuka. Upande wa kushoto mzito. Bado mzito. Sasa unaitika.

Mpigaji alirudi masika yalipokwisha. Alipoanza kupiga, Baba aliweka kiganja mgongoni mwa fidla, akafumba macho.

"Sema," akaniambia.

Nikamsogelea sikioni, nikapaza sauti. "Uzi wa juu unakwaruza kidogo. Nyingine zinaimba, Baba."

"Huko kukwaruza ni mkono wake," akasema, "si fidla yangu."

Mpigaji akacheka hadi akashusha upinde. "Wallahi, ni kweli!"

Baba aliishi miaka minne zaidi, na hakutengeneza nyingine. Mwishoni alikuwa akiyasoma maneno midomoni mwangu, nami nilijizoeza kusema polepole, nimemwelekea, bila kumpunguzia neno.