Geji ya Baba Mkwe

Mimi ni fundi umeme wa pikipiki hapa Mbinga, na nasema bila kujikweza kwamba waya nilioufunga mimi haulegei. Wanaume wageni wakifika hutazama nyuma yangu wakimtafuta fundi, kana kwamba amejificha kwenye kabati la spea. Nawaacha watafute. Wakichoka, wanateremka na kunieleza shida yao.

Kwa hiyo siku baba mkwe wangu alipoleta pikipiki yake ndogo, sikuwa na wasiwasi hata chembe. Yeye ni mwalimu mstaafu, anaishi kule chini ufukweni, si mbali na Mbamba Bay. Kila Jumamosi hupanda Mbinga asubuhi na gunia la usipa, wale samaki wadogo wakavu wa Ziwa Nyasa, akauza sokoni, akarudi kwake mchana. Msimu wa baridi ukungu hung'ang'ania mlimani siku nzima, kwa hiyo alitaka taa mbili za ukungu, honi yenye sauti, chaji ya simu, na geji ya kumwonyesha nguvu ya betri. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaketi kwenye benchi na gazeti lake.

Mteja mwingine ningemhoji kwanza. Unapita njia gani, unabeba nini, unaendeshaje. Maswali hayo ni nusu ya kazi, na mimi sina aibu ya kuuliza. Lakini mkwe hahojiwi. Sisi Wamatengo tunalelewa hivyo, na Wanyasa nao ni hivyo hivyo: mke wa mwana huinamisha macho na kupokea anachoambiwa. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini nani atamtolea baba mkwe wake methali hiyo?

Basi nilifunga kimya kimya. Kila kitu nilikipitisha kwenye swichi ya ufunguo, kila kimoja na fyuzi yake, ili akizima pikipiki vyote vizime, asije akasahau taa akaamka betri imekufa. Hiyo ndiyo kazi safi, na sijawahi kufunga vinginevyo. Geji niliiweka katikati ya usukani. Alipowasha injini, namba nyekundu zikatokea, na mzee akasahau ualimu wote akacheka kama mtoto. Aliwasomea wauza kahawa waliokuwa wanapita: kumi na nne nukta moja. Hawakuelewa, lakini walimpongeza.

Jumamosi ya kwanza na ya pili kulikuwa na jua, akashuka salama. Ya tatu ukungu ulitanda, na mchana ule mume wangu alinipigia simu akasema baba ameanguka mteremkoni. Alikutana na lori kwenye kona. Taa hazikuwaka wala honi haikulia, na dereva wa lori hakumwona mpaka walipokaribiana. Mzee alijitupa mtaroni. Goti lilichanika na mbavu zikamuuma, lakini alikuwa hai.

Halafu akasema neno moja, na neno hilo likazunguka ukoo mzima kabla ya jua kuzama: taa na honi zilikata. Mawifi zangu hawakunilaumu waziwazi. Waliniuliza tu hali ya kazi, kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yao. Nililia siku ile. Nililia kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu nampenda yule mzee, na kama ni waya wangu uliomfikisha mbele ya lori, basi nisingeshika tena koleo.

Pikipiki ililetwa na matope yake. Niliifungua yote. Nilivuta kila kiungo, nikatikisa usukani, nikamwagia maji swichi, nikaiwasha na kuiacha iungurume mpaka injini ikawa moto. Taa ziliwaka. Honi ilipiga mpaka jirani yangu muuza vyombo akatoka kulalamika. Betri ilikuwa nzima. Nilijua kwamba kosa si la waya, lakini sikujua ni la nini, na kwa fundi hayo ni mateso.

Goti lake lilipopona, alikuja kuichukua pikipiki. Nilimwomba mume wangu aniombee ruhusa nikae nyuma ya baba mpaka nyumbani kwake, nitazame vifaa njiani. Mzee alisita, kisha akakubali. Nilijifunga kitenge juu ya suruali ya kazi, nikapanda na begi langu la vyombo.

Tulikwenda vizuri mpaka pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea ziwani. Hapo mguu wake ukaweka gia huru, mkono wake ukatoka kwenye usukani, ukazungusha ufunguo. Injini ikanyamaza. Geji ikawa nyeusi. Tulikuwa tunaserereka kwenye kona, nasikia upepo na matairi tu.

Niliduwaa kwa ujinga wangu. Nani asiyejua kwamba madereva wetu huzima injini pale juu ili kuokoa mafuta? Mteja mwingine ningemuuliza na angenijibu palepale. Huyu sikumuuliza, kwa adabu.

"Baba, simama," nilisema.

Sikuwahi kumwamuru jambo maishani mwangu. Alisimamisha pembeni, akageuka kunitazama. Nilishuka, nikapiga goti kwenye kokoto, kwa sababu niliyotaka kusema yalihitaji goti.

"Ukizungusha ufunguo unazima kila nilichokufungia. Siku ile taa hazikukata, baba. Ulizizima wewe."

Alitazama geji kwa muda mrefu. Aliniambia kwamba mara zote aliiona ikilala hapo mteremkoni, akadhani inapumzika kama injini. Taa mpya aliambiwa zinakula betri, si injini, na betri ilikuwepo, basi zingezimikaje? Miaka yote ameshuka hivi, tangu barabara ikiwa ya vumbi, na hakuna aliyemuuliza.

"Niliogopa kukuuliza," nilisema. "Hilo ni kosa langu. Lakini usizime tena. Injini inashika pikipiki pamoja na breki, na sisi tunakuhitaji."

Nilifungua begi palepale kando ya lami, nikahamishia honi na taa moja kwenye betri moja kwa moja, nikazifungia swichi yake peke yake isiyopita kwenye ufunguo. Namwamini mzee, lakini mkono uliozoea kwa miaka mingi siuamini. Nilipomaliza, aliwasha mwenyewe, akatia gia ya pili, tukashuka tukiunguruma hadi kwake.

Mama mkwe alikuwa amesimama uani, maji yako motoni tayari. Alinipokea begi, akatuambia ametusikia tangu kwenye kona za juu. Kisha akamgeukia mumewe, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Miaka yote unatokea mlangoni kimya. Kila Jumamosi nakaa hapa sijui kama nina mume au ni mjane."

Mzee aliinamisha macho, kama ninavyoinamisha mimi mbele yake. Tulikula ugali na usipa, na hakuna aliyelirudia neno hilo.

Jumamosi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito hata mjini. Mchana nilimpigia simu mama mkwe nikamuuliza kama baba amefika. Aliniambia bado, nisikate. Nadhani aliinyoosha simu kuelekea mlimani, maana nilisikia kuku, kisha upepo, kisha kwa mbali sana, injini iliyokuwa ikishuka.