Majigambo ya Migomba Niliyoikata

Mkuu wetu wa shule hakuipenda klabu ya utamaduni hata kidogo, wala hakuficha. "Ngoma hazimpeleki mtu Kidato cha Tano," alizoea kutuambia kwenye paredi. Tuliporudi mikono mitupu kutoka kwenye mashindano ya ngoma ya shule za jirani, akatangaza mbele ya shule nzima kwamba tumebakiwa na nafasi moja tu. Tukishindwa tena, Ijumaa alasiri itakuwa ya hesabu, na ngoma zetu zitapelekwa kigangoni. Hesabu, jamani! Nilikasirika mpaka kande hazikupita kooni. Shule yetu ilikuwa ndogo, ya kata, huku upande wa Kanoni, na uwanja wenyewe ulikuwa na mteremko, ukipiga mpira unaufuata kwenye kahawa za watu. Ijumaa alasiri, wakati wa klabu, ndio muda pekee tuliojiona na sisi watu.

Kusema kweli, kushindwa kule tulijitakia. Kwetu ngoma haijakamilika bila majigambo. Mtu anasimama na mkuki, anayataja aliyoyatenda kwa pumzi moja, na kila anapotua watu wanamwitikia, "Eee!" Sharti lenyewe ni moja: utaje ulilolitenda kweli. Walioshuhudia ndio wanaoanza kuitikia, wengine wanafuata. Ukidanganya, unaachwa na kimya chako. Sasa mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne, mwenye sauti nzuri kabisa, alikuwa amekariri majigambo ya babu yake mazima mazima. Akasimama mbele ya wazee wa watu akasema yeye ndiye aliyeua chui. Kimya. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole, "Chui wa wapi, mjukuu wangu?" Mawe, mama yangu! Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na sisi tukapanda Fuso letu bila kuangaliana usoni.

Mazoezi yalipoanza tena, Madamu wetu wa Kiswahili, ambaye ndiye alikuwa mlezi wa klabu, alituweka chini. "Safari hii sitaki chui," akasema. "Nani hapa amewahi kufanya jambo?" Wavulana wakatazamana. Mmoja akasema aliua nyoka, tulipombana akakiri alikuwa mdogo, tena alikuwa amekwisha kukanyagwa na ng'ombe. Nikanyoosha mkono. "Mimi ninalo," nikasema, nikawaeleza.

Yule wa chui akaruka. "Mwanamke hajigambi! Mkuki ni wa wanaume."

"Basi ushike wewe, ukamalizane na chui wako," nikamjibu. Ulimi wangu haujawahi kulala njaa. Madamu alicheka, akanipa mkuki.

Wavulana sikuwaogopa. Niliyemwogopa ni baba, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la migomba yake. Mwaka mmoja nyuma mnyauko uliingia kibanjani kwetu, kwenye shamba la migomba linaloizunguka nyumba, majani yakawa njano, ndizi zikaoza zikiwa bado mkunguni. Bwana shamba alikuwa amekuja shuleni akatufundisha kwamba mgomba mgonjwa unang'olewa na shina lake lote, na panga linapitishwa motoni kabla halijagusa mgomba mwingine. Nilimwambia baba, hakutaka kusikia. Kibanja kile alikirithi kwa baba yake, na kwetu mtu anayefyeka migomba iliyosimama ni kama anatangaza kwamba mji umekufa. Siku alipopeleka kahawa mnadani, nikaanza kukata. Nilikata huku nalia. Aliporudi alininyang'anya panga, akapiga kelele mpaka majirani wakaja, na baadhi yao waliniambia nimerogwa. Lakini kibanja kilipona, machipukizi mapya yakazaa, tukala. Baba hakulisema jambo lile tena, si kwa ubaya wala kwa uzuri. Nami sasa nilikuwa naenda kulitangaza mbele ya watu wa wilaya mbili.

Mashindano yalifanyika kwenye shule moja upande wa Kamuli. Wazazi walikuja nasi juu ya Fuso, na baba akiwemo, amevaa koti lake la kanisani, akijua mwanawe anakwenda kucheza ngoma tu. Sikuwa nimemwambia kitu. Ngoma zetu zililia vizuri, wachezaji wakatimua vumbi, na mkuu wa shule alikaa mbele na mikono kifuani. Ngoma zikanyamaza. Nikatoka na mkuki, nikasikia mtu nyuma anasema, "He! Binti?"

Nikavuta pumzi.

"Mimi ndiye niliyeshika panga wakubwa waliposhika tama!
Mimi niliyeiangusha migomba ya baba yangu, machozi yakitoka, mkono usitetemeke!
Mnyauko ulibisha hodi na njaa begani, nikauzika kibanjani kwetu!"

Nikatua. Kimya. Hata wenzangu wa klabu waliangalia chini, maana hawakuwapo siku ile, na asiyeshuhudia haanzi kuitikia. Mama alibaki nyumbani na mdogo wangu mgonjwa, na majirani walioona hawakuja. Pale uwanjani aliyejua ni mtu mmoja. Nilimwona mkuu wa shule akiangalia saa yake, nikajua klabu imekufa, tena nimeiua mimi.

Ndipo baba akasimama. Akavua kofia.

"Huyu ni mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka watu wakainama kumsikiliza. "Mimi baba yake nilimnyang'anya panga. Akaenda kwa jirani akaazima jingine."

"Majirani wa kibanja cha chini hawana ndizi mpaka leo. Sisi tunakula. Eee!"

Uwanja ulilipuka. "Eee!" Akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakagonga fimbo chini, na yule wa chui aliitikia kuliko wote. Nikajigamba beti zote zilizobaki bila kujua nazitoa wapi, na kila nilipotua waliniitikia. Furaha niliyokuwa nayo siku ile sijaipata tena, hata siku ya matokeo yangu. Tulishika nafasi ya kwanza, tukapewa beberu mkaidi aliyetusumbua njia nzima. Baba alimshikilia pembe mpaka nyumbani, na kila kijiji tuliposhusha mtu aliwaeleza watu kwamba beberu yule ameletwa na binti yake.

Ijumaa iliyofuata kengele ya alasiri ilipolia, mkuu wa shule akaingia kwenye chumba cha klabu. Tukasimama wote. "Shikamoo mwalimu!" Nikadhani amekuja na vitabu vya hesabu. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akauomba mkuki. Madamu akampa.

"Mimi ndiye niliyetaka kuifunga klabu hii!" akasema kwa sauti ya paredi. "Mimi, nikashindwa na binti wa Kidato cha Tatu!"

Akatua, akatungoja. Tukatazamana. Kila aliyekuwa mle ndani alikuwa shahidi.

"Eee!" tukamwitikia.